Elinipendo na Benchi la Mbele

Benchi la mbele kabisa, upande wa wanawake, lilikuwa halikaliwi na mtu kwa hiari. Kanisa lingeweza kujaa mpaka watu wasimame madirishani, na bado benchi lile likabaki tupu. Lilikuwa la waliotengwa, siku wanaporudi kundini. Binti aliyezaa kabla ya ndoa alikaa pale peke yake ibada nzima, macho chini, kisha akaitwa jina, akasimama, akakiri mbele ya watu wote, mchungaji akamshika mkono, kwaya ikaimba. Vijana waliowapa mimba mabinti hao, nao walikuwa na benchi lao upande wa pili, ila sijui kwa nini lilikuwa na vumbi sikuzote.

Jina la usharika wenyewe tuliache. Ni wa Kilutheri, uko juu ya Marangu, kwenye migomba na kahawa, na wenyewe wanajijua.

Elinipendo alitakiwa kukaa kwenye benchi lile mwaka 1988. Hakukaa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, alipokuwa na miaka kumi na tisa, aliitwa kupika kwenye semina ya vijana. Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba ya mwinjilisti, mtu aliyeitwa Efraimu, mwenye sauti nzuri ya kuhubiri na mke mpole. Siku ya tatu, wenzake walipokwenda mtoni kuteka maji, Efraimu aliingia jikoni akafunga mlango. Wako wanaopenda kulizungusha jambo hili kwa maneno laini, wakasema walikosea, wakasema walianguka. Hakuna aliyeanguka. Alimbaka, na alipomaliza alimwambia aangalie ndizi zisiungue.

Elinipendo alimwambia mama yake siku ileile. Mama yake, Margareta, alikuwa mjane mwenye ng'ombe wawili na mdomo mkali. Hakumuuliza alivaa nini wala alikuwa amesimama wapi. Alivaa viatu akaenda kwa mchungaji, na kutoka hapo alitaka kwenda polisi. Wazee wa kanisa wakamzuia mlangoni. Mambo ya kanisa humalizwa kanisani, walisema, na ukimvua nguo mtumishi wa Mungu umelivua kanisa zima. Margareta, ambaye alikuwa amebatizwa na kufunga ndoa ndani ya kanisa lile, akawasadiki. Alijilaumu kwa hilo maisha yake yote.

Baraza la wazee lilikaa mara mbili. Mara ya kwanza Efraimu alikana. Mara ya pili, tumbo la Elinipendo lilipoonekana, alisema alishawishiwa. Baraza likaamua. Efraimu akahamishiwa Rombo, karibu na Tarakea, kwa barua iliyomshukuru kwa utumishi wake, na kule akapewa tena darasa la vijana. Elinipendo akatengwa kwa dhambi ya uzinzi. Hataijongelea Meza ya Bwana, mtoto wake hatabatizwa, na akifa hatazikwa na kanisa, mpaka akae benchi la mbele akiri. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo walivyofanya, na mtoto wa watu ndiye aliyebaki chini ya kombe.

Mwenyekiti wa wazee, Mzee Ebenezeri, ndiye aliyempelekea habari. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe, na wengi wa aina hiyo wamefanya madhara kuliko majambazi.

"Ni Jumapili moja tu, mwanangu," alimwambia. "Unakaa, unasema neno moja, yameisha."

"Neno gani, mzee?"

"Kwamba ulitenda dhambi."

"Nitakuwa nimemdanganya Mungu ndani ya nyumba yake," alisema Elinipendo. "Hiyo ndiyo itakuwa dhambi yangu ya kwanza katika jambo hili."

Mtoto alizaliwa, wa kike, akaitwa Gladness. Margareta aliuza mtamba mmoja akamnunulia binti yake cherehani, na Elinipendo akaanza kushona kwenye baraza ya duka moja Marangu Mtoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango. Mitumba iliteremshwa kwa marobota, suruali za Wazungu zikauzwa kwa bei ya vifungo, na mafundi wengi wa Marangu wakafunga vyerehani vyao wakaenda kubeba mizigo ya watalii mlimani. Elinipendo alibaki, kwa sababu vipo vitu viwili ambavyo havikuja na mitumba. Kimoja ni joho la kwaya. Cha pili ni gauni jeupe la kipaimara.

Kwa hiyo mwanamke aliyetengwa ndiye aliyelivika kanisa. Kila mwaka, miezi miwili kabla ya kipaimara, akina mama walipanga foleni kwenye baraza yake na mabinti zao, naye akawapima mabega na viuno, akiwa na pini mdomoni, na Gladness akicheza na vipande vya kitambaa cheupe miguuni pake. Hao hao walikuwa wakimpita kanisani Jumapili bila kumpa mkono. Hakuwaharibia gauni hata moja. Alisema gauni halina kosa.

Na kanisani alikwenda. Hilo ndilo lililowaudhi wazee. Waliotengwa wengine walihama, wakaenda kwa walokole au wakabaki nyumbani kwa aibu. Yeye alikuja kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma, akaimba kwa sauti kubwa, na wakati wa Chakula cha Bwana wenzake walipoinuka kwenda mbele, yeye alibaki ameketi, kichwa juu, akiwatazama wazee mmoja mmoja.

Mwaka 1995 binti mmoja aitwaye Gladys, wa miaka kumi na saba, aliwekwa kwenye benchi la mbele. Alikuwa mfanyakazi wa ndani mjini Moshi, na kila mtu alijua ni baba mwenye nyumba aliyemrudisha na mimba. Alikaa pale, macho chini. Wimbo wa pili ulipoanza, Elinipendo aliinuka nyuma, akatembea katikati ya kanisa kwa viatu vyake vya kugonga, akaenda akakaa karibu naye, bega kwa bega.

Kwaya iliyumba kidogo. Mzee Ebenezeri alikuja akainama.

"Mama Gladness, hapa si pako."

"Hapa ndipo pangu, mzee. Miaka saba mmenisubiri hapa. Si nimekuja?"

"Umekuja kutubu?"

"Nimekuja kukaa."

Alimshika Gladys mkono mpaka mwisho wa ibada. Baraza likamwita kumkemea, akaenda, akasikiliza, akarudi kwenye cherehani yake. Na binti mwingine alipowekwa benchi lile alifanya vilevile. Mara ya tatu, mke wa mpiga kinanda alitoka upande wake akaja kukaa nao, na hakuna aliyejua sababu, wala hakuna aliyethubutu kuuliza. Kisha wakaja wengine, wanawake wenye vitenge vya umoja wa akina mama, wanawake wenye ndoa na heshima zao. Kila aliyekuja alikuwa na lake la zamani. Wazee wakaona dawa ni kuliondoa benchi. Walilitoa nje wakaliweka kwenye stoo ya mahindi. Jumapili iliyofuata akina mama walikuja na vigoda vya kukamulia ng'ombe, wakapanga mstari palepale. Benchi likarudishwa.

Toka hapo baraza ya cherehani ikawa na wageni ambao hawakuja kupimwa. Mwanamke alifika, akasema anataka kupunguziwa sketi, na sketi yenyewe haina kasoro. Elinipendo alimvutia kigoda, akaendelea kukanyaga cherehani, maana aligundua kwamba mtu husema kwa urahisi zaidi kama hutazamwi usoni. Hakuwaambia wasamehe. Hakuwaambia wasisamehe. Aliuliza tu, "Sasa uko salama? Leo utalala wapi?" Wengine walilala kwa Margareta, kwenye kihamba chake cha migomba, kwa wiki au kwa mwezi.

Mwaka 2001 usharika uliletewa mchungaji mpya, naye alikuwa mwanamke, Mchungaji Yuditha. Wazee walinuna kimyakimya. Mwezi wake wa kwanza aliteremka mpaka Marangu Mtoni kupima joho, akakaa kwenye kigoda, akauliza kwa nini fundi wa usharika haijongelei Meza ya Bwana. Elinipendo alimweleza bila kuacha kukanyaga.

"Ninakuamini," alisema mchungaji.

Mguu wa Elinipendo ulisimama. Miaka kumi na minne, na hakuna mtu mwenye kola shingoni aliyewahi kumwambia neno hilo. Alilia, akakasirika kwamba analia, akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha watu.

Mchungaji hakujifanya malaika. Alisema uamuzi ni wa baraza na yeye ana kura moja. Lakini alisema atalirudisha jambo mezani, na akalirudisha, mwezi hata mwezi, na kila mara wazee walisema mzee fulani hayupo au kumbukumbu hazionekani.

Wakati huo Gladness alikuwa anakaribia miaka kumi na minne. Wenzake wote walikuwa darasa la kipaimara. Yeye hata hakuwa amebatizwa. Siku moja, mama yake akikata gauni la mtoto wa jirani, Gladness alisema, "Mama, kwani ukisema tu? Wewe unajua si kweli, Mungu anajua si kweli. Useme wanibatize."

Neno hilo lilimchoma Elinipendo kuliko yote ya wazee. Alikunja kitambaa, akamkalisha binti yake, akamwambia ukweli wote, tangu jikoni mpaka barua ya shukrani. Ilichukua mchana mzima.

"Nikisema nilitenda dhambi," alimaliza, "nimesema wewe ni dhambi. Sitakusema hivyo mbele ya mtu yeyote."

Gladness alisimama. Kisha akachukua tepu, akajizungushia kiunoni mwenyewe. "Basi nipime," alisema. "Nitabatizwa na gauni langu, siku watakapochoka wao."

Elinipendo alimpima. Alikata gauni jeupe bila ahadi ya mtu, akalishona kwa mkono pindo lote, akalitundika ukutani ambapo kila mteja angeliona.

Ikafika mwaka 2002. Usharika ulikuwa na sikukuu yake, na Efraimu, aliyestaafu na kurudi nyumbani, alipangiwa kupewa cheti cha utumishi wa miaka thelathini. Mchungaji Yuditha alisema hataweka saini kwenye cheti hicho mpaka jambo la Elinipendo lijibiwe. Hapo ndipo wazee waliposhtuka. Jumamosi, saa tisa alasiri, siku moja kabla ya sikukuu, Mzee Ebenezeri na mwenzake walipanda mpaka kihambani kwa Margareta, na Ebenezeri alikuwa ameshika isale.

Asiye wa huku aelewe. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Mtu akikukosea mpaka maneno yakaisha, hukuletea isale. Ukilipokea, shauri limefungwa. Na kulikataa ni vigumu mno, maana wazee wetu waliamini anayekataa isale hujiletea balaa yeye na watoto wake. Wakristo tunasema hatuamini hayo. Lakini sijamwona Mkristo wa Marangu aliyelikataa.

Elinipendo aliwaamkia shikamoo, akawapa chai. Margareta, miaka sabini na zaidi, alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko.

"Mwanangu, tumechoka wote," alianza Ebenezeri. "Lipokee hili. Kesho mtoto anabatizwa, na jina lako linarudi kundini kimyakimya. Hutakaa benchi, hutakiri. Mchungaji anaweka saini, sikukuu inakwenda vizuri."

"Limetoka kwa nani?"

"Kwa Efraimu."

"Kwa kosa gani?"

Ebenezeri alikunywa chai. "Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Tugange yajayo."

"Si ndwele kwa aliyepona, mzee."

Aliliangalia lile isale. Alimwangalia Gladness, aliyesimama mlangoni. Alijua anachotegwa nacho: akilikataa, ameuza ubatizo wa mtoto, na kijiji kizima kitasema ni mwanamke mwenye moyo wa jiwe. Akilipokea, mdomo wake umeshonwa.

"Pokea," alisema Margareta kutoka jikoni.

Elinipendo aligeuka asiamini. Mama yake alikuwa akikoroga mtori wa ndizi, uso hauna kitu. "Pokea, mwanangu. Kwa mikono miwili."

Akapokea. Ebenezeri alishusha pumzi, akashukuru kwa Kichagga, aika, mae, akamaliza chai yake kwa furaha, wakaondoka. Walipopita mwisho wa migomba, Margareta aliweka mwiko chini akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akashika mbavu.

"Wamezeeka akili wale," alisema. "Miaka kumi na minne wanasema wewe ndiye mkosaji. Tangu lini mkosaji akapelekewa isale? Mkosaji ndiye hulileta."

Jumapili kanisa lilijaa. Efraimu alikuwa ameketi kwenye viti vya wageni, suti nyeusi, nywele nyeupe, Biblia magotini. Ibada ilikuwa haijaanza Elinipendo alipoingia kwa mlango mkubwa. Upande mmoja Margareta na fimbo yake, upande mwingine Gladness katika gauni jeupe. Mwenyewe alishika isale mbele ya kifua, limesimama, majani juu. Walitembea mpaka mbele wakakaa kwenye benchi.

Hakusema neno. Hakukuwa na haja. Kanisani mle, kuanzia watoto wa shule ya Jumapili mpaka vikongwe, kila mtu alijua kusoma kile alichoshika. Mnong'ono ulianzia nyuma ukaja mbele. Mwanamke huyu amekosewa, aliyemkosea ameomba radhi, ni nani? Watu walianza kutazamana. Kisha wakaanza kumtazama Efraimu.

Mchungaji Yuditha alifika madhabahuni, akaona, akaacha kitabu.

"Mama Gladness, umeshika isale."

"Nimeletewa jana, mchungaji."

"Na nani?"

"Mzee Ebenezeri yupo. Ana mdomo."

Ebenezeri alikaa kama hakusikia. Ndipo mzee mmoja upande wa wanaume, Mzee Primus, mtu mzima kuliko wote mle ndani, ambaye kwa kawaida hulala tangu mahubiri yanapoanza, alisimama kwa kushikilia benchi.

"Isale halitolewi bila kutajwa kosa," alisema. "Baba zetu wasiosoma walijua hilo. Ebenezeri, sema."

Ebenezeri alisimama. Alisema limetoka kwa Efraimu. Akasema ni kwa jambo la mwaka themanini na saba. Primus akamwambia jambo lina jina. Yule mzee alitazama chini, na aliposema tena sauti yake haikuwa ya mwenyekiti.

"Alimwingilia kwa nguvu. Na sisi baraza tulijua. Tangu mara ya kwanza tulijua."

Efraimu aliinuka, akatoka kwa mlango wa pembeni, na Biblia akaisahau kwenye kiti. Wanawake walikuwa wanatoka kwenye nafasi zao, mmoja mmoja, kuja benchi la mbele, mpaka wakakosa pa kukaa wakasimama. Gladys alikuwepo, amemshika mkono mtoto wake. Mchungaji Yuditha alivua kola yake ya shingoni akaishika mkononi, akasema usharika huu ulimtendea Elinipendo dhambi mara mbili, mara ya pili kwa kumsingizia ya kwanza. Akasema kwa niaba ya usharika anaomba radhi, na hatadai jibu leo wala kesho.

Gladness alibatizwa asubuhi ile. Maji yalimdondoka kwenye pindo lililoshonwa kwa mkono. Kisha mchungaji akamgeukia mama yake, akanyoosha mkono kama utaratibu unavyotaka, akasema, "Karibu tena kundini."

"Mimi sikutoka, mchungaji," alisema Elinipendo. "Nilikuwa nimekaa hapa."

Mchungaji akaurudisha mkono wake, akamletea mkate na kikombe pale alipokaa.

Baada ya ibada, nje, watu walipokuwa wakinadi ndizi na mayai ya sadaka, Ebenezeri alimfuata. Alionekana ameishiwa nguvu, lakini mazoea ni mazoea. Bado alitaka yaishe.

"Basi isale umelipokea, mwanangu. Shauri limefungwa. Hakuna tena kwenda mbele."

"Nimelipokea, na nitalipanda mpakani kwangu, ili Efraimu ajue pa kuishia," alisema Elinipendo. "Lakini kesho asubuhi mimi na mchungaji tunakwenda polisi. Serikali haijaletewa isale, mzee. Wala wasichana aliowafundisha Rombo."

Akamshika mama yake mkono wakaanza kupanda nyumbani, maana mtori ulikuwa jikoni.